Oakland A's nusu msimu 2023: maswali ninayoulizwa kila siku na majibu yangu

Haya jamani, mapumziko ya All-Star (mechi ya mastaa katikati ya msimu) ndo haya, tarehe ni Julai 2023, na kila nikitaja kwamba mimi ni shabiki wa Oakland A's, timu ya besiboli ya Marekani, maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeamua kuyajibu yote sehemu moja. Mengine nimejibu kwa kirefu kwa sababu yananiuma na mengine mstari mmoja unatosha.

Kwanza rekodi ikoje?

Ushindi 25, kufungwa 67. Tuko mkiani kabisa ligi nzima, siyo kwenye kundi letu la magharibi tu. Hapo juu yetu kuna Texas Rangers wanaoongoza, halafu Houston, Seattle na Angels, na hatumwoni hata mgongo yule wa nne.

Mimi ni mtu wa soka, hiyo 25 kwa 67 ni mbaya kiasi gani?

Mbaya sana, na ngoja nieleze kwa sababu besiboli hesabu zake zinachanganya. Msimu una mechi 162, karibu kila siku mnacheza, na hata timu bora ya ligi inafungwa mechi kama 60 mpaka 70 kwa msimu na hakuna anayeshtuka. Timu mbovu ya kawaida nayo inashinda 65 hivi. Yaani kwenye besiboli ni ngumu sana kuwa mzuri sana na ni ngumu vile vile kuwa mbaya sana, mechi ni nyingi mno, mambo yanajisawazisha yenyewe. Sasa sisi kwa mwendo huu tunaelekea kushinda 44 na kufungwa 118. Mets wa 1962, timu ambayo mpaka leo Marekani wakitaka mfano wa timu mbovu wanaitaja hiyo, walimaliza 40 kwa 120. Detroit ya 2003 ilimaliza 43 kwa 119. Tuko mtaa huo. Na klabu yetu yenyewe ilishawahi kupitia hapo, mwaka 1916 ikiwa bado Philadelphia ilifungwa 117, na 1979 hapa hapa Oakland ilifungwa 108 na kuna mechi moja ya Aprili waliingia watu 653.

Mwanzoni mwa Juni ilikuwa mbaya zaidi, tulikuwa 12 kwa 50. Mtu ukiangalia hiyo na leo utaona tumepanda kidogo, na nitalieleza hilo hapo chini.

Si ndo timu iliyokuwa inaingia mtoano juzi juzi tu? Imekuwaje?

Hili ndo swali lenyewe sasa. Ndiyo, ni hiyo hiyo. 2018 ilishinda mechi 97, 2019 ikashinda tena 97, 2020 ikachukua kundi, 2021 ikashinda 86. Kikosi kilikuwa cha vijana waliolelewa hapo hapo, mashabiki wanawajua tangu wakiwa ligi za chini. Halafu baada ya 2021 mwenye timu akaagiza kupunguza mishahara na duka likafunguliwa: Matt Olson akaenda Atlanta, Matt Chapman akaenda Toronto, Chris Bassitt akaenda Mets, Sean Manaea akaenda San Diego, hao wote ndani ya wiki chache za mwaka 2022. Katikati ya msimu Frankie Montas akapelekwa Yankees. Desemba kecha wetu (yule anayedaka mipira nyuma ya mpigaji) Sean Murphy naye akaenda Atlanta. Kocha Bob Melvin alishaondoka mapema kwenda San Diego.

Sasa angalia All-Star ya wiki hii kule Seattle, Murphy ameanza kama kecha wa National League, moja ya nusu mbili za ligi, na Olson yuko kwenye kikosi hicho hicho. Hao ni watu wetu. Hawakuzeeka, hawakuisha, waliuzwa wakiwa kwenye ubora wao. Kwa hiyo mtu akiniambia A's wamefulia mimi nakataa hilo neno, kufulia ni bahati mbaya, hii ilipangwa ofisini na ikatekelezwa hatua kwa hatua.

Lakini si ni timu ndogo haina hela?

Bajeti yetu ya mishahara mwaka huu ni kama dola milioni 60 hivi, ndogo kuliko zote ligi nzima, wakati Mets wamepita milioni 300. Kubana hela siyo jambo jipya Oakland, tuliishi hivyo miaka yote ya Billy Beane, aliyekuwa anasimamia usajili, na bado tulishinda, ila zamani mchezaji akiondoka kulikuwa na akili kubwa inayotafuta mbadala. Ukitaka kuelewa vizuri chukua hii moja tu: mkataba mkubwa kuliko yote katika historia ya klabu mpaka Julai hii 2023 ni wa Eric Chavez, dola milioni 66, na ulisainiwa 2004. Miaka 19. Na mmiliki ni John Fisher, familia yake ndo walioanzisha maduka ya Gap, bilionea kabisa. Hela ipo.

Mtu anawezaje kuwa na timu ya mwisho na asipate hasara?

Hapa watu wa soka huwa wanashangaa na wana haki ya kushangaa. Marekani hakuna kushuka daraja. Huku kwetu timu ikimaliza mkiani inashuka, wadhamini wanakimbia, mwenye timu anaumia mfukoni, kwa hiyo hata kama hapendi mpira atasajili ili asishuke. Kule ukimaliza wa mwisho mwakani unaanza upya na wenzako, hela za televisheni za ligi nzima zinagawanywa, na timu za masoko madogo zinapewa tena fungu kutoka kwa timu tajiri. A's walikuwa wametolewa kwenye hilo fungu, mkataba mpya wa 2022 ukawarudisha. Kwa hiyo unaweza kufungwa mechi 118 na hesabu za benki zikawa sawa kabisa, anayeumia ni shabiki peke yake.

Watu wengine wanasema basi angalau wa mwisho anapata dogo bora kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wachanga kwa zamu. Ilikuwa hivyo, sasa hivi kuna bahati nasibu, na sisi tuliofungwa 102 mwaka jana tumeishia kuchagua wa 6. Jumapili hii tumemchukua Jacob Wilson wa chuo cha Grand Canyon, mtoto wa Jack Wilson aliyechezea Pittsburgh. Nampenda huyo dogo, hakosi mpira kabisa, lakini msinieleze kwamba mateso yote ya 2022 yalikuwa mkakati.

Wachezaji wenyewe ni wabovu?

Hapana na naomba tuwatenganishe na ofisi. Wengi wao wangekuwa ligi ya chini bado wanajifunza, wengine ni watu waliokataliwa kwingine, wamepewa jezi na wameambiwa nendeni mkapambane na Houston. Na wanapambana.

Brent Rooker huyu hapa, umri miaka 28, Minnesota walimwacha, San Diego hakukaa, Kansas City wakamwondoa kwenye kikosi Novemba na sisi tukamchukua bila kutoa kitu. Aprili alikuwa anapiga homurani (mpira unaovuka ukuta wa uwanja) kana kwamba anadai deni na leo ni All-Star. Kila timu lazima iwe na mtu mmoja, sawa, lakini yule hakupewa huruma, namba zake zinatosha.

Esteury Ruiz alikuja kwenye ile biashara ya Murphy. Ameshaiba bezi zaidi ya 40 (yaani kukimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa) na tupo Julai. Sheria mpya za mwaka huu zimemsaidia, bezi zimekuwa kubwa, pitcha (mrusha mpira) haruhusiwi kumrushia mkimbiaji bezini mara nyingi anavyotaka, lakini mbio ni zake. Pale Coliseum, uwanja wetu, ambapo eneo la kuchezea jina lake rasmi ni Rickey Henderson, mtu wa Oakland aliyeiba 130 mwaka 1982 na 1,406 kwa maisha yake yote, kumwona dogo anakimbia vile inanipa raha ambayo siwezi kuielezea. Bahati mbaya ameumia bega mwanzoni mwa mwezi huu, tumwombee arudi haraka.

Ryan Noda wa bezi ya kwanza, tulimtoa Dodgers kwa utaratibu wa Rule 5 (unamchukua mchezaji wa ligi ya chini ambaye klabu yake haikumlinda), yeye jicho lake ni kali, hapigi mpira mbovu, anapewa bezi za bure kila siku. Na Shea Langeliers kecha wetu ana mkono, kupiga bado anajifunza ila wanaoiba bezi wanamwogopa.

Pitcha je?

Hapa ndo tunafia. Aprili na Mei ilikuwa inatia huruma kuangalia, tunapata ranzi (pointi) tano na tunafungwa kumi na mbili, pitcha wanagawa bezi za bure halafu ndo wanapigwa homurani watu wakiwa wamejaa kwenye bezi. Anayenipa moyo ni JP Sears, mkono wa kushoto, alitoka Yankees kwenye biashara ya Montas, rekodi yake ya ushindi usiiangalie kabisa kwa sababu anatupa vizuri halafu wenzake hawafungi. Ken Waldichuk na Luis Medina wamekuja kwa njia hiyo hiyo, mikono wanayo, ila mpira hawajauweza uende wanapotaka. Paul Blackburn amerudi baada ya kuumia kidole, yeye ndo mtu mzima pale.

Na kuna Mason Miller. Aisee. Aliitwa Aprili dhidi ya Cubs, mipira ya maili 100 kwa saa mechi ya kwanza, halafu mwanzoni mwa Mei dhidi ya Seattle akatupa iningi 7 kati ya 9 za mechi bila kuruhusu hiti hata moja, yaani hakuna aliyempiga akafika bezini. Halafu kiwiko. Mpaka leo yuko nje. Nawaomba madaktari wa klabu wasimharakishe, hakuna mechi ya msimu huu inayostahili mkono wa yule kijana.

Na yule Mjapani?

Shintaro Fujinami, aliyekuwa mpinzani wa Shohei Ohtani, yule nyota wa Kijapani, tangu sekondari. Mkataba wa mwaka mmoja, dola milioni 3.25. Mechi ya kwanza alikutana na Ohtani huyo huyo na Angels, akaruhusu ranzi 8 na hakumaliza hata iningi ya tatu. Ikawa hivyo Aprili nzima, wakamtoa kwenye kuanza wakamweka pitcha wa akiba, na tangu Juni kabadilika kabisa, anaingia iningi moja anatupa maili 101, 102 na anawamaliza. Nadhani atauzwa kabla ya Agosti 1 na nitafurahi kwa ajili yake.

Mark Kotsay afukuzwe?

Hapana. Aliichezea A's mwenyewe, anaijua klabu, na hakuna kocha duniani angeshinda na kikosi hiki. Vijana hawajamkatia tamaa, hilo linaonekana uwanjani.

Mlipigwa mchezo kamili kweli?

Kweli. Juni 28, Domingo Germán wa Yankees, hapo hapo Coliseum, 11 kwa 0, wapigaji wetu 27 walisimama na wote 27 wakarudi kukaa. Ni wa 24 tu katika historia yote ya ligi. Tuendelee.

Niambie kitu kizuri basi.

Juni. Tumetoka 12 kwa 50, hakuna anayetutegemea, tukaifunga Pittsburgh mbili, tukaenda Milwaukee tukawafagia mechi zote tatu kwao, tukarudi nyumbani kukutana na Tampa Bay ambao wakati huo walikuwa na rekodi bora kuliko wote, tukawafunga Jumatatu. Sita mfululizo. Na Jumanne Juni 13 ilikuwa ndo siku mashabiki walishaipanga muda mrefu: badala ya kugoma kwenda uwanjani, tujae. Miezi yote ofisi imekuwa ikisema Oakland hakuna mashabiki, kwa hiyo watu wakasema njooni wote siku moja dunia ione.

Waliingia 27,759. Wakavaa fulana za kijani zenye neno moja kifuani, SELL, yaani uza, zilizochapishwa na mashabiki wenyewe na kugawiwa bure pale nje kwenye maegesho. Ngoma za kundi la mashabiki la Oakland 68s juu kule kulia hazikunyamaza. Iningi ya tano wakasimama kimya kwa mpigaji wa kwanza, kisha ikalipuka, "uza timu, uza timu", nikiwa naangalia kwenye simu alfajiri huku sauti ya mtangazaji haisikiki kabisa. Na tukashinda 2 kwa 1! Wa saba mfululizo. Mchezo wenyewe ulikuwa mzuri, wachezaji wanasema hawajawahi kusikia kelele kama zile pale ndani.

Kinachouma ni kwamba siku ile ile seneti ya Nevada ilipitisha mswada wa kumpa Fisher hela za uwanja wa Las Vegas, anakotaka kuihamishia timu. Kesho yake bunge la chini, na Juni 15 gavana Joe Lombardo akasaini. Hadi dola milioni 380 za umma.

Lakini si kweli hamjazi uwanja? Mei waliingia watu elfu mbili.

Mei 15 dhidi ya Arizona, 2,064, nakubali, namba hiyo naijua. Sasa fuatilia mpangilio. Unauza wachezaji wote ambao watoto wana jezi zao. Baada ya 2021 unapandisha bei za tiketi za msimu. Uwanja huurekebishi. Halafu Aprili mwaka huu rais wa klabu Dave Kaval anatangaza mmekubaliana kununua kiwanja Las Vegas. Ni mtu anayeng'oa mabati ya nyumba usiku kisha asubuhi anaita majirani waje waone mvua inavyoingia. Mwaka 1990 Oakland waliingiza karibu watazamaji milioni 2.9, mji ule ule, uwanja ule ule, treni ya BART inasimama mlangoni vile vile. Kilichobadilika ni mwenye timu.

Uwanja wenyewe ni mbovu kiasi hicho?

Ni mbovu, sitaficha. Coliseum ilifunguliwa 1966, mabomba ya maji machafu yameshawahi kufurika mpaka vyumba vya kubadilishia nguo, paka wa porini walijaa, na mwaka huu kuna mnyama aina ya opossum kahamia kwenye kibanda cha watangazaji wa timu ngeni. Halafu ile kuta kubwa ya viti iliyojengwa miaka ya 90 kwa ajili ya Raiders, timu ya futiboli ya Kimarekani, iliziba milima yote iliyokuwa inaonekana nyuma. Lakini ubovu wa jengo siyo ubovu wa mji. Ulikuwepo mpango wa uwanja mpya wa Howard Terminal pale bandarini, mradi wa dola bilioni 12, mji na klabu walikaa miaka kwenye mazungumzo, na meya Sheng Thao anasema alijua wanaondoka kwa kupigiwa simu tu.

Na kumbukeni mji huu umeshawapoteza Warriors wa mpira wa kikapu, 2019 walivuka daraja kwenda San Francisco, Raiders 2020 wakaenda hiyo hiyo Las Vegas. A's ndo wa mwisho waliobaki.

Kwa hiyo Las Vegas imeshaamuliwa?

Bado, mpaka Julai hii 2023. Sheria ya Nevada imepita, kiwanja wamebadilisha kutoka cha kwanza mpaka pale ilipo hoteli ya Tropicana, ekari 9, uwanja wa dola bilioni 1.5 wenye viti kama elfu 30 tu. Ila lazima robo tatu ya wamiliki wote 30 wakubali na kura haijapigwa. Mimi naamini wamiliki wengi watakubali, hawapendi kumzuia mwenzao. Lakini juzi Seattle kwenye All-Star yenyewe, mashabiki wa timu ya watu wengine kabisa waliimba "uza timu" mbele ya kamishna Rob Manfred na televisheni nzima, kwa hiyo msiniambie kelele hazifiki.

Nusu ya pili tutegemee nini?

Madogo. Tyler Soderstrom, chaguo letu la kwanza la 2020, na Zack Gelof wa bezi ya pili, chaguo la raundi ya pili 2021, wote wanapiga vizuri kwenye ligi ya chini na kila mtu anasubiri waitwe. Mimi ningewaita kesho. Msimu umeshakufa, wape mechi 70 wazizoee pitcha wa ligi kuu. Gelof ndo ninamwamini zaidi, ana mwili, ana mbio, na hababaiki.

Kuuza, watauza. Fujinami nimeshasema, Trevor May, pitcha anayeingia kumalizia mechi, pia ana soko. Rooker wasimguse, ana miaka kadhaa chini ya klabu na ni yeye tu mtoto wa Oakland anaweza kununua jezi yake leo bila kuogopa. Kumaliza, nasema tutashinda kama 48, tutakwepa rekodi ya Mets.

Kwa nini usihamie timu nyingine?

Kwa sababu hawa ndo timu yangu. Mataji ya 1972, 1973 na 1974 mfululizo, 1989, pitcha Vida Blue ambaye tumempoteza Mei hii, aliyekuwa na miaka 22 tu alipochukua MVP (mchezaji bora) na Cy Young (pitcha bora) mwaka mmoja, Rickey, pitcha Dave Stewart aliyezaliwa mtaa wa pili. Hivyo vyote siyo mali ya Fisher. Na wale watu wa ngoma wanakuja kila siku hata timu ikiwa imefungwa nane mfululizo, wao hawajahama, mimi niliyeko mbali nahamaje?

Naangaliaje nikiwa Afrika Mashariki?

MLB.TV inafanya kazi huku. Mechi nyingi za usiku za nyumbani zinaanza saa kumi na dakika arobaini alfajiri kwa saa zetu, unaamka unaangalia unakwenda kazini, na zile za mchana zinaanza saa tano na dakika saba usiku, hizo ndo nzuri kwa mwenye familia. Kama bando ni shida chukua kifurushi cha sauti peke yake umsikilize Ken Korach, anatangaza A's tangu 1996 na unauona uwanja bila picha. Na mwaka huu kuna saa ya kuhesabia pitcha, mechi zimekuwa fupi, kwa wastani saa mbili na dakika arobaini hivi.

Tunarudi Ijumaa Julai 14 na Minnesota, kwetu ni Jumamosi alfajiri, halafu Boston, halafu Houston, zote nyumbani. Na Agosti 5 na 6 Giants wanavuka daraja kuja Coliseum, hiyo usikose.